Filamu za John Woo: uanze na ipi, uchukue nakala gani

Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, na kwenye kumbi za video za Nairobi na Kampala, kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika ila kila mtazamaji anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini dakika ya mwisho yeye ndiye anayesimama na adui ndiye anayelala. Aliyekulia kwenye sheria hiyo akiwekewa filamu za Hong Kong za mwongozaji John Woo atajiona kadhulumiwa. Katika A Better Tomorrow (1986), Mark, mtu ambaye ukumbi mzima umeshampenda, anapigwa risasi ya kichwa akiwa bado anaongea, sentensi haijafika mwisho. Katika The Killer (1989) steringi anapofuka kwa risasi, kisha anakufa akitambaa. Kama hujashtuka bado, tathmini hii inafichua miisho na itaendelea kuifichua, maana kwa Woo mwisho ndio unaokuambia damu yote ile ilimwagwa kwa sababu gani.

Wengi wanamjua kwa njiwa, makoti marefu na mtu anayeruka hewani na bastola mkono wa kulia na wa kushoto. Hivyo ni vionjo tu. Wameviiga mamia ya waongozaji na filamu zao zikasahaulika. Kinachomtenga Woo ni mambo mawili. La kwanza, kabla ya risasi ya kwanza kulia, wewe mtazamaji unajua mlango uko wapi, ngazi zinashukia wapi, silaha zimefichwa wapi na nani kasimama nyuma ya nani. La pili, kila mapigano ni malipo ya deni: mtu kamsaliti mwenzake, au kamuumiza asiyehusika, na sasa anakuja kulipa. Pale mambo yote mawili yanapokuwepo, filamu zake ni za daraja la juu kabisa. Pale moja linapokosekana, unabaki na njiwa.

Asili ya mambo haya haijafichika. Woo alizaliwa Guangzhou mwaka 1946, familia ikahamia Hong Kong, na moto wa Shek Kip Mei wa Krismasi ya 1953 uliwaacha bila makao. Alisomeshwa shule ya Kilutheri, ndiyo maana makanisa na sanamu za Bikira Maria havikosekani kwenye kazi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa msaidizi, pale studio ya Shaw Brothers, wa Chang Cheh, bingwa wa filamu za panga ambamo wanaume waliokula kiapo hufa wima, nguo nyeupe zikiwa zimelowa nyekundu. Ukibadilisha panga kwa bastola umeshafika nusu ya njia. Nusu nyingine ni Jean-Pierre Melville wa Ufaransa, aliyempa muuaji mkimya mwenye heshima zake, na Sam Peckinpah wa Marekani, aliyeonyesha jinsi ya kukata kifo kimoja kwa kamera nyingi zenye kasi tofauti. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya 1986 Woo alikuwa akitengeneza vichekesho na filamu za kawaida. Fedha na nafasi ya A Better Tomorrow vilitoka kampuni ya Cinema City na kwa mtayarishaji Tsui Hark. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 34 za Hong Kong, rekodi ya wakati huo, na vijana wa mji ule wenye joto wakaanza kuvaa makoti marefu kama ya Mark.

Anza na hiyo. Ina dakika 95 tu na tukio la kulichunguza linakuja mapema: Mark (Chow Yun-fat) anaingia mkahawani kulipa kisasi cha rafiki yake aliyesalitiwa. Anapita kwenye ujia akiwa na mwanamke, wanacheka, na huku akicheka anadondosha bastola kwenye vyungu vya maua, kimoja baada ya kingine. Anafungua mlango, anafyatua mikono miwili, anatoka akirudi kinyumenyume. Bastola zikiisha anazitupa na kuchomoa nyingine kutoka kwenye chungu kilicho karibu. Beretta 92 ya wakati ule inabeba risasi 15, kwa hiyo mbili ni 30, na watu mtaani hupenda kuhesabu na kulalamika kwamba kwenye muvi risasi haziishi. Hapa zinaisha. Vyungu vile ndivyo vinavyochukua nafasi ya kubadilisha magazini, kazi inayochosha macho na kukata mdundo. Woo kaigeuza kuwa ramani: ukishaona vyungu unajua njia atakayotokea, na unasubiri. Halafu mtu mmoja aliyedhaniwa kafa anampiga Mark mguuni, na kwa filamu yote iliyobaki mtu yule wa fahari anachechemea, anaosha magari na kula chakula cha kuokoteza. Bastola mbili zimemgharimu mguu. Waigaji walichukua bastola wakaacha mguu.

Sehemu ya pili ya filamu hiyo (1987) irukwe, isipokuwa mapigano ya mwisho kwenye jumba la kifahari. Kwa kuwa Mark alikwisha kufa, Chow Yun-fat anarudishwa kama pacha wake aliyekuwa New York, hila ambayo hata mtazamaji wa tamthilia za jioni angeikataa. Woo na Tsui Hark waligombana kuhusu urefu wake, na filamu ikakatwakatwa kwa haraka ili iwahi kutoka, mishono inaonekana.

Kabla ya kwenda mbele, inafaa kujua yale mapigano yanajengwaje, kwa sababu ukijua utatazama kwa jicho jingine. Bunduki za filamu zilifyatua maganda yenye baruti bila kichwa cha risasi. Bastola inayojijaza yenyewe haifanyi kazi na ganda la namna hiyo ikiachwa ilivyo: hakuna kichwa cha kuziba mtutu, gesi yote inapotea mbele na mfumo haurudi nyuma kuchukua ganda linalofuata. Fundi huziba sehemu ya mtutu kwa ndani ili shinikizo libaki. Baruti ikiwa ndogo bastola inakwama katikati ya shoti. Ikizidi, masizi ya moto yanarukia uso wa mwenzake aliyesimama karibu. Kisha kuna tatizo la kamera. Kwenye fremu 24 kwa sekunde, kilango cha kamera ya filamu hufungwa karibu nusu ya muda wote, na ule mwako wa mdomoni mwa bunduki ni mfupi kuliko fremu moja. Kwa hiyo unaweza kufyatua na picha isione moto hata chembe. Dawa ni kamera zaidi ya moja kwa pamoja, kasi kubwa zaidi ya fremu, na kufyatua mfululizo ili angalau baadhi ya miako inaswe. Ile mvua ya risasi ya Woo ni mapambo, lakini pia inarahisisha kazi ya mpiga picha.

Mwilini mwa mwigizaji hufungwa kilipuzi kidogo cha umeme juu ya kibati cha kumkinga, mbele yake kifuko cha damu ya bandia, na waya unaopita ndani ya suruali hadi kwa fundi. Shati huchanwa kidogo kwa ndani ili lipasuke kwa urahisi. Damu hiyo kwa kawaida ni sharubati nzito yenye rangi: ikizidi uzito hairuki bali inatona, ikizidi wepesi inaonekana ya waridi chini ya taa. Kila rudio la shoti linataka shati jipya, vilipuzi vipya na waya mpya, na ndiyo maana utayarishaji wenye fedha kidogo hufanya rudio moja na kuomba Mungu. Kwa Woo angalia pia vitu, usiangalie watu peke yao. Ukuta, meza, chupa, vizimba vya ndege, mito, vyote vimetegwa vumbi na cheche. Hewa inajaa takataka, na takataka hizo ndizo zinazokupa hisia ya nguvu ya risasi kuliko damu yenyewe.

Mwendo wa polepole nao una hesabu. Ukipiga picha kwa fremu 96 na kuonyesha kwa 24, sekunde moja inakuwa nne. Woo hauachi mwendo mmoja ukatawala. Ndani ya tendo moja hukata kutoka kasi ya kawaida kwenda polepole na kurudi, mtu anaanza kuanguka haraka, anaelea, kisha anagonga chini haraka. Hapo ndipo televisheni za kisasa zinapoharibu kila kitu. Zina kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho hubuni fremu za ziada katikati, na tofauti ya kasi aliyoitafuta mhariri inayeyuka, filamu inafanana na matangazo ya mpira. Ingia kwenye mipangilio ya picha ukizime kabla ya kuwasha filamu yoyote kati ya hizi.

The Killer ndiyo ya kumpa mtu anayesema hapendi filamu za bunduki. Muuaji wa kukodiwa, Jong (Chow Yun-fat), anafanya kazi ya mwisho kwenye klabu ya usiku, na mwako wa bastola yake unaharibu macho ya mwimbaji, Jenny (Sally Yeh). Anarudi kumlea bila kumwambia yeye ni nani, na anakubali kuua tena ili apate fedha za upasuaji wa macho. Polisi anayemwinda (Danny Lee) taratibu anagundua kwamba anamheshimu kuliko anavyowaheshimu wakubwa wake. Ni melodrama, tena isiyo na aibu, machozi na nyimbo na mishumaa. Ukiikubali hivyo ilivyo, inakulipa. Tukio bora halina risasi: Jong na polisi wameelekezeana bastola usoni ndani ya nyumba ya Jenny, yeye haoni, anawatengea chai, nao wanazunguka chumbani mitutu ikiwa usoni huku wakijidai ni marafiki wa utotoni, wakiitana majina ya utani waliyoyabuni papo hapo. Unacheka na mikono inatoka jasho. Na katika mwisho wa kanisani, njiwa wakiwa wapya bado na hawajawa nembo ya biashara, sanamu ya Bikira Maria inasambaratishwa, Jong anapigwa macho yote mawili, macho yaliyokusudiwa kumsaidia Jenny kama yeye angekufa. Wanatambaa kutafutana na wanapishana. Hakuna mwongozaji wa Marekani wa wakati ule aliyethubutu kumalizia hivyo filamu ya bunduki.

Kuhusu sauti na maandishi, hapa pana mitego. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ile zilipigwa picha bila kurekodi sauti, kisha waigizaji au watu wengine wakaingiza sauti studio. Kwa hiyo hata kwenye Kikantoni midomo itapishana na maneno kidogo; si ubovu wa nakala yako. Chukua Kikantoni chenye maandishi chini, na kama diski inatoa chaguo la sauti ya awali ya spika moja, chagua hiyo. Baadhi ya nakala za baadaye zilitengenezewa sauti mpya ya spika nyingi na milio ya bunduki ikabadilishwa: mikubwa zaidi, lakini haina ule mlio mkavu uliopangwa sambamba na mikato. Sauti za Kiingereza zilizobandikwa uziepuke kabisa, hasa kwenye The Killer, ambamo tukio la chai hugeuka kichekesho cha bahati mbaya. Majina pia hubadilika: Jong anaitwa Jeffrey kwenye tafsiri nyingine, kwa hiyo usidhani umepewa filamu tofauti. Wakalimani wetu wa video, wa kizazi cha Lufufu kule Tanzania na DJ Afro kule Kenya, ni wasanii kamili kwa haki yao, ila kazi yao hutaka sauti ya filamu ishushwe ili ya kwao isikike. Filamu ya Woo ikishushwa sauti inapoteza ukimya unaotangulia risasi, na ukimya huo ndio nusu ya tukio.

Bullet in the Head (1990) ni ngumu, na ndiyo jibu kwa wanaosema Woo anayapamba mauaji. Marafiki watatu wa Hong Kong (Tony Leung Chiu-wai, Jacky Cheung, Waise Lee) wanakimbilia Saigon, katikati ya vita vya Vietnam, mwaka 1967 kutafuta utajiri wa magendo, wakiacha nyuma yao mji wenye ghasia. Mmoja anapenda dhahabu kuliko wenzake. Kwenye kambi ya wafungwa wanalazimishwa kuwapiga risasi mateka wenzao huku watekaji wakicheka, na Woo anaondoa mapambo yote: hakuna kuruka, hakuna mtindo, kuna nyuso tu. Mwenye tamaa anampiga rafiki yake risasi ya kichwa ili asipige kelele ikawaponza. Rafiki hafi. Anabaki na risasi fuvuni, maumivu yanamgeuza mtumwa wa dawa za kulevya na muuaji wa kukodiwa. Filamu ilitoka mwaka mmoja baada ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, na hasira ya mwaka ule imeingia ndani yake waziwazi. Watu hawakuja. Kwa maoni ya tathmini hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa si ile ya kurudia kila mwaka.

Ukiitafuta, jua kwamba toleo la kwanza la Woo lilikaribia saa tatu na likapunguzwa sana kabla ya kuingia kumbini. Kuna miisho miwili inayozunguka. Mmoja unamalizia kwenye chumba cha mikutano cha kampuni, fuvu la rafiki yule aliyepigwa risasi likiwa mezani mbele ya msaliti aliyetajirika. Mwingine unaendelea hadi pambano la magari. Ule wa magari ni mrefu na una vishindo zaidi, na wengi huupenda kwa hilo. Ule wa mezani una makali zaidi, kwa sababu unamwacha msaliti mbele ya watu wenye suti ambao hawana habari fuvu lile ni la nani.

Kisha Hard Boiled (1992), dakika 128, ambayo ilipigwa picha kwa siku 123. Kwa Hong Kong, ambako filamu iliweza kukamilika kwa wiki chache, huo ulikuwa muda wa kifalme, na kila siku inaonekana kwenye skrini. Inaanzia kwenye mkahawa wa chai ambako wazee huja na ndege wao kwenye vizimba, na ndani ya vizimba hivyo mna bastola. Jengo lenyewe lilikuwa la kweli na lilikuwa linasubiri kubomolewa, kwa hiyo walikuwa huru kulivunja. Angalia mpangilio: meza, watu wasio na habari, ngazi, jiko nyuma. Polisi Tequila (Chow tena) anateleza juu ya kishikio cha ngazi kijiti cha meno mdomoni, bastola mbili zikifyatua, shoti iliyochapishwa kwenye mabango duniani kote. Lakini tukio halimaliziki hapo. Linaishia jikoni: Tequila kamwagikiwa unga, uso wote mweupe kama wa mzimu, anamfikia aliyemuua mwenzake, anamfyatulia kwa karibu, na damu inaruka kwenye ule weupe. Hapo hakamati mhalifu, anaua. Unga ule umewekwa ili uone tofauti.

Hadithi katikati ni nyepesi. Polisi aliyejipenyeza kwenye genge (Tony Leung) anakunja korongo wa karatasi kwa kila mtu anayemuua, mazungumzo ya siri yanapelekwa kwa mashada ya maua, na mapenzi ya Tequila na afisa Teresa yamewekwa kwa sababu tu filamu inahitaji mwanamke. Vumilia. Hospitali inakuja, na inachukua zaidi ya nusu saa bila kupumzika.

Sehemu kubwa ya hospitali hiyo ilijengwa ndani ya kilichokuwa kiwanda cha Coca-Cola. Ndani yake mna shoti moja isiyokatwa ya takriban dakika 2 na sekunde 40: Tequila na mwenzake wanapigana kwenye ujia wa ghorofa moja, wanaingia kwenye lifti, milango inafungwa, wanaongea, milango inafunguka na wako ghorofa nyingine, wanapigana tena. Kumbe lifti haikwenda popote. Ujia ni ule ule. Wakati milango imefungwa na wawili wale wakiongea, mafundi nje walikuwa na sekunde kama 20 tu kuondoa vifusi, kubadilisha mapambo na kutega vilipuzi vipya. Kosa moja, kilipuzi kimoja kuchelewa, na kazi yote inaanza upya. Na maongezi ya ndani ya lifti si ya kupoteza muda: polisi aliyejipenyeza ametoka kumpiga polisi mwenzake kimakosa sekunde chache kabla, na bila mkato mtazamaji naye hapewi nafasi ya kukwepa jambo hilo. Waongozaji wa leo hutengeneza shoti ndefu kwa kuunganisha vipande kwenye kompyuta. Hii ilitengenezwa na watu waliokimbia na mafagio.

Philip Kwok, aliyesimamia mapigano, anaigiza pia Mad Dog, adui mwenye jicho moja, na ndiye mhusika mwenye maadili yaliyo wazi kuliko wote. Anapokutana na polisi huku wagonjwa wamesimama katikati yao, wote wawili wanashusha bunduki ili watu wapite. Bosi wake anawamiminia risasi wagonjwa. Mad Dog anamgeukia bosi, anauawa. Hilo ndilo tukio lililowakera watu wengi, na kero hiyo ina haki: Woo anaua wagonjwa wengi waziwazi ili tujue bosi ni mbaya, jambo ambalo tulishalijua. Hapo mtindo umekula hoja. Humohumo hospitalini kuna mtoto mchanga mwenye pamba masikioni, anayemkojolea Tequila na kuuzima moto mguuni mwake. Filamu inabeba yote hayo bila kuona haya, na ndivyo ilivyo: ukiipunguza inakufa.

Nakala za filamu hizi zilisumbua kwa miaka. Diski za kampuni ya Criterion ya Marekani za The Killer na Hard Boiled zilikwisha sokoni na zikawa za bei ya kuruka kwa wauzaji wa mkono wa pili, huku haki zikiwa zimekwama. Mwaka 2025 Shout! Studios ilichukua maktaba ya Golden Princess, kampuni ya filamu ya Hong Kong, yenye A Better Tomorrow, The Killer, Bullet in the Head na Hard Boiled, na nakala zilizosafishwa za 4K zikaanza kutoka. Kama una uwezo, subiri au tafuta hizo. Kile kinachouzwa kwenye flashi mitaani mara nyingi ni nakala ya zamani iliyokatwa pembeni ili ijaze skrini ya televisheni ya mraba. Kwenye Woo hasara yake ni kubwa, maana yeye huweka watu wawili wenye bastola kwenye kingo mbili za fremu. Ukiona mtu mmoja tu na mkono unaotokea pembeni bila mwenyewe, nakala hiyo imekatwa.

Marekani ilimpa Hard Target (1993), na Jean-Claude Van Damme, New Orleans. Woo akawa mmoja wa waongozaji wa kwanza kutoka Asia kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood, na studio ilikuwa na wasiwasi kiasi cha kumweka mwongozaji Sam Raimi pembeni awe tayari kama mambo yangeharibika. Bodi ya madaraja ya Marekani ikairudisha filamu tena na tena hadi ikakatwa vya kutosha kupata daraja R, linaloruhusu walio chini ya miaka 17 kuingia wakiwa na mtu mzima. Matokeo ni dakika 97 ambamo mikato mingi inaruka kabla ya tendo kumalizika: mtu anaelekeza bunduki, kisha yuko chini, na kile kilicho katikati hakipo. Toleo la kimataifa lisilokatwa lina dakika kama 100. Dakika tatu hizo zinasikika ndogo, ila zimetolewa sekunde moja hapa na mbili pale, ndani ya mapigano yenyewe, na kwa mwongozaji anayejenga kwa mdundo hiyo ni sawa na kung'oa ngoma kwenye taarabu. Chukua lisilokatwa au acha.

Face/Off (1997) ndiyo ya Hollywood iliyo bora, kwa kuwa wazo lake la kipuuzi, polisi na gaidi kubadilishana nyuso, linamrudishia Woo lile deni lake la zamani: watu wawili wasioweza kutenganishwa. John Travolta na Nicolas Cage wanasimama pande mbili za ukuta wenye vioo na kila mmoja anaulenga uso alioupoteza. Kuna mtoto aliyevalishwa vipokea sauti masikioni akisikiliza wimbo mtulivu huku nyumba ikiteketezwa kwa risasi, na kwa mara ya kwanza huko ng'ambo unasikia kimya cha Hong Kong. Ukumbi ukitaka kelele utapata. Mkalimani mzuri anaweza kuibeba hii bila kuiharibu. Mission: Impossible 2 (2000) ina njiwa, pikipiki na mwendo wa polepole, na haina deni lolote.

Lawama kubwa inabaki palepale kwenye kazi zote: wanawake. Wanapofushwa, wanasubiri, wanabeba watoto, wanalia. Woo ameandika vitabu vya uaminifu wa kiume kwa kamera na hajaona haja ya kumuuliza mwanamke yeyote anaonaje. Aliporudia The Killer mwaka 2024, sasa Paris na muuaji akiwa Nathalie Emmanuel, alijaribu kurekebisha hilo. Nafasi ya mwanamke ilipanuka, ila uzito wa dhambi ukapungua, na filamu inateleza tu.

Hizi zote ni za watu wazima. Bullet in the Head usiiweke mbele ya mtoto wa umri wowote, hata kama kila kitu ndani yake kina maana. Kama una jioni moja pekee, weka Hard Boiled kwa sauti kubwa. Kama una mbili, The Killer kwanza. Na ukitaka Woo bila bastola hata moja, Red Cliff (2008 na 2009) ipo, vita vya mito na meli za moto katika China ya kale, lakini hakikisha umepata sehemu zote mbili zenye jumla ya karibu saa tano; toleo la sehemu moja la dakika 148 lililopelekwa nchi za Magharibi limeacha wahusika njiani, na hutajua ni nani anayechomwa moto wala kwa nini.